Picha kwenye Ukuta wa Dympna

Ukungu wa ukutani ulikuwa umefika usawa wa mto wa kulalia wa Malachy.

Dympna Toal aliufuta kila asubuhi kwa dawa kali ya kung'arishia nguo, ile ya kutoa machozi, na kila asubuhi iliyofuata aliukuta palepale, mweusi, umejiongezea eneo. Mumewe alilala upande ule kwa sababu chumba kilikuwa kidogo na kitanda hakikuwa na pa kwenda. Kifua chake kilipiga mluzi tangu alipolala hadi alipoamka. Nesi alipokuja aliutazama ukuta, akamtazama mgonjwa, akasema, "Mimi naweza kukuletea dawa gari zima, Dympna. Lakini huyu analala ndani ya sifongo."

Kwa nje, ukuta huohuo ulikuwa maarufu mji mzima wa Drumkeel. Nyumba ya akina Toal ndiyo ya mwisho katika Mtaa wa Lisnagh, pale mtaa wetu unapokutana na barabara kuu, na ubavu wake mpana usio na dirisha ndio wa kwanza kumkaribisha mtu anayetoka kwa Waprotestanti kuingia kwetu Wakatoliki. Pale palichorwa wanaume wenye kofia nyeusi za duara na mishipi ya rangi ya chungwa shingoni, wakipiga ngoma, na juu yao mkato mwekundu kutoka kona hadi kona. Chini, kwa herufi ndefu kama mlango, paliandikwa: BILA RIDHAA, HAPANA GWARIDE.

Gwaride lenyewe ni la Jumapili ya kwanza ya Julai. Wao, Waprotestanti, wanataka kupita na ngoma na filimbi kwa sababu babu zao walipita. Sisi hatutaki wapite kwa sababu babu zetu walifungiwa ndani wakati babu zao wakipita. Kuna tume inayokaa kila mwaka kuamua, na kila mwaka, kabla tume haijakaa, Feargal Quigg huja na ngazi na ndoo zake kuipaka picha upya. Feargal ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtaa, na kazi yake ya kumpa mkate ni kuandika mabango ya maduka. Ana mkono mzuri wa herufi. Watu anaowachora, hata hivyo, wote huwa na sura moja, na sura yenyewe ni ya mjomba wake.

Basi rangi juu ya rangi, mwaka juu ya mwaka, mpaka ukuta ukavaa ngozi nene ya mafuta.

Mei, shirika la nyumba lilimtuma mkaguzi. Aliitwa Mervyn, jina la Kiprotestanti ambalo mtaani kwetu linatosha kumfanya mtu aegeshe gari mbali na atembee haraka, na kweli alifanya hivyo. Alichomeka kipimo chake ukutani kando ya kichwa cha Malachy, kikalia mpaka Malachy akafungua jicho.

"Matofali hayapumui, Bi Toal," akasema. "Rangi imeyaziba. Maji yanaingia juu kwenye dohani, yanatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni hapa."

"Basi toeni rangi."

Mervyn akakohoa, ingawa mgonjwa hakuwa yeye. "Ingekuwa rangi tu, tungeitoa kesho. Lakini ile ni picha. Utaratibu wetu ni kwamba picha kama ile haiguswi mpaka jamii iridhie."

"Jamii ipi? Anayeishi humu ni mimi."

"Jamii kwa ujumla."

"Na huyu akifa, atakufa kwa ujumla?"

Mervyn hakuwa mtu mbaya. Aliona haya, akajishughulisha na kukunja waya wa kipimo chake. "Hata kwetu ni yaleyale," akasema. "Shangazi yangu Iris ana mfalme juu ya farasi kwenye ukuta wake. Farasi yule amemletea baridi yabisi, na huwezi kumgusa."

"Lakini kanisa letu lilipomwagiwa rangi, mlilisafisha siku ileile. Niliona kwa macho yangu."

"Ah, lile lilikuwa shambulio. Shambulio ni idara nyingine. Wale wana mashine ya maji ya kasi, wanakwangua hadi tofali. Hujakata simu, wameshafika."

Aliyasema kwa moyo mweupe, akanywa chai yake ikiwa bado ya moto, akaondoka kwa haraka ileile aliyokuja nayo.

Dympna alikwenda kwa Feargal kwanza. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu walimsema sana. Alimkuta kwenye banda lake akiandika jina la bucha, akamweleza kila kitu: matofali, dohani, mluzi wa kifua.

"Baada ya Julai," Feargal akasema bila kuinua brashi.

"Mwaka jana ulisema baada ya Julai."

"Na ningeutoa, Mungu shahidi yangu. Lakini Agosti tukawa na kumbukumbu ya wafungwa. Halafu mvua. Huwezi kukwangua kwenye mvua."

"Feargal, hapa kwetu ni lini hakuna mvua?"

"Sikiliza, dada yangu. Tume inakaa baada ya wiki mbili. Wale wakipita pale wakaona ukuta mtupu, watasema nini? Watasema tumelegea. Unataka niwaambie watu tumewapa barabara kwa sababu ya kifua cha Malachy? Malachy mwenyewe hatakubali. Yule ni mtu wa mapambano. Si aliketi barabarani kuzuia gwaride ule mwaka wa vurugu?"

"Aliketi kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma."

Feargal akacheka, akarudi kwenye herufi zake. Dympna alitembea kurudi nyumbani damu ikimchemka, na njia nzima alijibu maneno ambayo hakuyajibu kule.

Wiki ileile Malachy alizidiwa. Gari la wagonjwa lilimchukua akiwa na kinyago cha hewa usoni, akampungia mkewe mkono kama mtu anayekwenda likizo. Daktari alimwambia Dympna waziwazi: tutamrudishia pumzi, lakini tukimrudisha chumba kile, tutaonana naye tena hapa, na siku moja hatutamrudisha.

Jumapili, mtaa mzima ulikuwa kwenye misa ya asubuhi. Dympna alikuwa amevaa koti la kanisani na kitambaa kichwani, tayari kutoka, alipopita stoo ya uani na kuliona kopo la rangi ya bluu iliyobaki walipopaka mlango wa choo. Akasimama. Mtaani hapakuwa na mtu, hata mbwa. Hakufikiri sana, na kama angefikiri asingefanya. Alilibeba kopo hadi barabarani, akakizibua kifuniko kwa ufunguo wa nyumba, akaitupa rangi yote kwa nguvu zake zote. Ikawapiga wapiga ngoma vifuani na kuchuruzika juu ya RIDHAA. Moyo ukamwenda mbio kwa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu akiwa msichana. Kisha akaingia ndani, akavua koti, akapiga simu kwenye shirika la nyumba na kusema kwa sauti ya kutetemeka, wala hakuigiza, kwamba wameshambuliwa.

Wa kwanza kutoka misani alikuwa Concepta, jirani wa mkabala, mwanamke ambaye habari haijawahi kumpita. Alipiga ukelele uliowatoa hata wazee mbio kanisani.

"Bluu!" akasema. "Tazameni, bluu! Nani anatumia bluu kama si wao?"

"Na saa ya misa," akasema mwingine.

"Saa zetu za misa wanazijua kuliko sisi. Dympna, mpenzi, ulikuwa ndani peke yako? Hukusikia kitu?"

"Sikusikia kitu," Dympna akasema.

"Maskini! Mume hospitali, na wao wanakuja kumwaga uchafu. Hawana utu wale. Hebu kaa chini, nikuletee chai."

Watu wa mashine ya maji walifika kweli kabla chai haijapoa. Walikuwa wameshateremsha mpira wa maji Feargal alipotokea na nusu ya kamati, bado wamevaa tai za kanisani, wakasimama mbele ya ukuta wameshikana mikono.

"Haguswi mtu, hauguswi ukuta," Feargal akasema. "Acheni dunia ione walichofanya."

"Feargal, waache wasafishe!" Dympna akasema. Alikuwa ametoka na kikombe mkononi. "Nakuomba. Ni nyumba yangu."

"Na sisi tunailinda, Dympna. Hauko peke yako."

Watu wakapiga makofi. Wale wa mashine hawakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Walikunja mpira wao, wakala kona, na Dympna akabaki anaitazama taa ya nyuma ya lori lao ikipotea, na chai ikimmwagikia mguuni.

Kufikia Jumanne wapiga picha wa magazeti walikuwa wamekuja na kuondoka. Jumatano Concepta aliingia bila kubisha, uso umemchangamka.

"Wamejibiwa!" akasema. "Kijani kibichi mfalme wao mzima, mpaka mkia wa farasi. Na jiwe moja dirishani juu ya hayo."

"Dirisha la nani?"

"Kikongwe mmoja anaishi pale. Iris nani sijui. Eti amehamia kwa binti wa dada yake, analia mchana kutwa. Na walie. Kwani wewe hukulia?"

Dympna alivaa viatu akatoka na kumwacha mgeni wake sebuleni. Feargal alikuwa bandani, anachanganya rangi ya ngozi kwenye sahani.

"Ni mimi," Dympna akasema.

"Ni wewe nini?"

"Ile bluu. Ni mimi niliyeimwaga. Ni ya mlango wa choo changu, nenda ukaulinganishe. Nilitaka waje na mashine, watoe rangi, Malachy apate pa kulala. Sasa bibi wa watu amevunjiwa dirisha kwa ajili yangu. Nenda ukawaambie."

Alitegemea atacheka, au atakasirika. Feargal hakufanya hata kimoja. Aliweka sahani chini, akaenda kufunga mlango wa banda.

"Umemwambia nani?"

"Padri, jana."

"Padri hasemi. Mwingine?"

"Hakuna."

"Vizuri. Basi wewe hukusema na mimi sikusikia. Tume inakaa kesho, Dympna. Picha ya ukuta wako iko juu kabisa ya makaratasi yetu. Mama wa watu, mume taabani, washenzi wanamvamia saa ya misa. Kwa miaka yote hii hatujawahi kuwa na kitu kizuri namna hii."

"Si kweli, Feargal!"

"Ni kweli kwamba wangeweza kufanya."

"Hawakufanya!"

"Mara hii," Feargal akasema kwa upole, kama anamwelewesha mtoto. "Kalipie kioo cha yule bibi kimyakimya kama roho inakusuta. Lakini ukienda kusema, utasema nini, na nani atakuamini? Watasema umetishwa. Concepta ataapa aliwaona wakikimbia. Nadhani ameshaapa."

Alikuwa ameshaapa, kweli. Dympna alikwenda mwenyewe kituo cha polisi alasiri ile, jambo ambalo watu wa Lisnagh hawalifanyi hata nyumba ikiungua, akamwambia afisa wa mapokezi ukweli wote. Afisa alimsikiliza kwa huruma nyingi mno. Akamuuliza kama kuna mtu amemlazimisha kusema vile. Akamwambia shahidi yupo, aliyeona vijana wawili wenye skafu za bluu. Akamshauri apumzike. Dympna alitoka pale akitamani kupiga kichwa chake kwenye ule mlango wa chuma, na sijui kwa nini hakupiga.

Tume ikaamua. Gwaride halitapita. Lisnagh walicheza barabarani kama wako harusini, na Concepta akambusu Dympna mashavu yote mawili. "Ni ukuta wako!" akampigia kelele sikioni. "Ukuta wako ndio umeshinda!"

Zawadi ya ushindi huo ilikuwa bado kuja. Dympna alikuwa akishinda hospitali siku hizo, akiondoka mapema na kurudi jioni, na jukwaa la bomba na turubai lililosimamishwa ubavuni mwa nyumba lilimpa tumaini la kijinga. Alifikiri labda Feargal ameguswa dhamiri. Labda wanakwangua. Hakuthubutu kuuliza, asije akauvunja ule uwezekano kwa mdomo wake.

Turubai lilishushwa siku Malachy aliporudi. Teksi ilipiga kona, na mtaa mzima ulikuwa nje, meza zimepangwa, mikate imekatwa pembetatu, birika za chai zinatoa moshi. Malachy alitoka garini kwa msaada wa fimbo, mtungi wa hewa umebebwa na mkewe, akainua macho.

Wapiga ngoma walikuwa wamefutika. Mahali pao palikuwa na uso mmoja mkubwa kuliko kitanda, kidevu mbele, ngumi juu, nyuma yake barabara tupu. RIDHAA ilirudishwa mpya. Chini yake: MALACHY TOAL, HAKUONDOKA.

"Yule nani?" Malachy akauliza.

"Ni wewe, mzee!" Feargal akasema, macho yamemlowa kweli.

"Nina nywele."

"Tumekupa zako za ujana."

"Hata ujanani sikuwa na nywele zile. Zile ni za mjomba wako."

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Dympna hakucheka. Alikuwa anautazama ung'avu wa rangi.

"Hii ni rangi gani, Feargal?"

"Ya nje, ile bora kabisa," Feargal akasema kwa fahari. "Haipitishi hata tone la maji. Tumepaka tabaka tatu. Miaka ishirini haitabanduka hii."

"Na hapo umeandika hakuondoka. Hakuondoka kwa sababu tuliomba nyumba nyingine tukanyimwa."

Lakini mtu alikuwa ameanza kupiga akordioni na maneno yale hayakufika mbali. Dympna alimpeleka mumewe ndani, akampandisha ngazi hatua kwa hatua, akamlaza. Shuka lilikuwa safi na ukuta ulikuwa umefutwa, na bado harufu ilikuwepo, ile ya chumba cha chini ya ardhi. Haukupita muda mrefu mluzi ukaanza. Chini, watu walikuwa wanaimba.

"Dympna," Malachy akasema.

"Usiongee. Utajichosha."

"Huko nje nimeinua ngumi. Humu ndani siwezi kuinua kikombe." Akavuta pumzi, akaisubiri ifike. "Nenda kanitoe pale, mama. Anza na zile nywele."

Dympna alimtazama kuona kama ni utani. Ulikuwa utani, na haukuwa utani. Akashuka, akapita jikoni hadi stoo, akachukua ngazi na skrepa ya kukwangulia rangi, akatokeza navyo mbele ya meza za sherehe mchana kweupe, kila mtu anamwona. Akordioni ikanyamaza kidogokidogo. Alipanda hadi ilipofika mikono yake, kwenye shavu, maana nywele zilikuwa mbali mno, akabonyeza skrepa kwa uzito wake wote.

"Dympna," Feargal akaita. "Dympna, unafanya nini? Shuka."

Kipande kikatoka, kinene kama ganda la mti. Ndani yake zilionekana rangi zote: ya ngozi, bluu ya choo, chungwa, nyekundu, kijani, chungwa tena.

"Ni mumeo huyo! Unamkwangua mumeo!"

"Mume wangu yuko juu kitandani."

"Unawapa ushindi wale!"

"Wale hawalali chumba hiki."

Feargal aligeuka kuwatazama watu, akitafuta msaada, na wengi wakapata kitu cha kutazama kwenye sahani zao. "Jamii haijakubali," akasema. "Huwezi kufanya kitu kama hiki bila jamii kukubali."

Dympna alisimamisha mkono. Hakugeuka. "Soma ulichoandika hapo, Feargal. Kwa herufi zako nzuri. Soma kwa sauti."

Feargal hakusoma. Concepta ndiye aliyesoma, kwa mazoea tu, kama mtu asomaye bango la duka. "Bila ridhaa…" akaanza, akaishia hapo, mkono mdomoni.

"Mimi mliniomba lini?" Dympna akasema.

Akaendelea kukwangua. Tofali la kwanza lililofunuka lilikuwa jeusi kwa maji, akaligusa, likambonyea chini ya kidole kama keki mbichi, na akaanza kulia kwa hasira huku mkono ukifanya kazi, kwa kuwa sehemu aliyoisafisha ilikuwa ndogo kama kisahani na ukuta ulikuwa mkubwa kama ukuta. Ngazi ikatikisika. Alihisi Feargal ameishika kwa mikono miwili chini kule. Hakutazama kujua kama anaizuia isianguke au anataka kuiangusha.

Ndipo kutoka ndani, nyuma ya tofali, ukasikika mgongo wa kijiko ukigonga ukutani, na sauti ya Malachy, hafifu, imekatikakatika.

"Chini kidogo," akasema. "Mto wangu uko chini kidogo."